Gemu ya RPG tuliyoanza na watoto nyumbani imekwama katikati, nyie mlimalizaje?

BabaNuru_Moro
Habari za jioni wakuu. Likizo ya Juni nilianza kutengeneza gemu na wanangu, binti ana miaka 11 na mdogo wake 8, akaongezeka mtoto wa jirani ambaye karibu kila siku anashinda kwetu. Ni zile gemu za RPG, yaani una mhusika wako anatembea kwenye ramani, anaongea na watu, anaokota vitu, anapigana, anapanda levo. Tunatumia RPG Maker MV, programu ya kutengenezea gemu hizo, kwenye laptopu ya mtumba. Hadithi ni yao wenyewe: msichana kaibiwa mbuzi, anafuata nyayo kutoka Morogoro mjini mpaka juu Uluguru, huko kuna zimwi. Pesa ya humo ndani ni vifuniko vya soda, ukiumia unakula andazi, silaha ya kwanza ni mwiko wa bibi.

Wiki mbili za kwanza nyumba ilikuwa haikaliki, wanagombania kipanya, wanaamka kabla yangu. Wiki ya tatu kimya. Saiv ni Septemba na gemu iko pale pale, mji umekamilika una watu kama 40 wa kuongea nao lakini zimwi lenyewe halipo, njia ya mlimani inaishia kwenye giza tu. Nikiwaita njooni tumalizie wanakaa dakika kumi wanaondoka. Waliowahi kufanya hivi na watoto au washkaji, kwa nini zinafia katikati?

FundiRedio
Ukubwa mkuu. Watu 40 wa kuongea nao ni gemu ya kampuni hiyo. Yule jamaa wa ile gemu ya Stardew Valley, Eric Barone, alikaa miaka kama minne na nusu peke yake ndo ikatoka 2016, na ni mtu mzima aliyekuwa anakesha nayo. Wa miaka 8 atafika wapi? Kata. Kijiji kimoja, pango moja, adui watatu, zimwi, mwisho. Mtu aicheze dakika 15 aimalize. Hiyo wataimaliza wikiendi mbili halafu waanze nyingine.

ShangaziZnz
Mimi sikubaliani na FundiRedio hata kidogo, maana watoto hawaogopi ukubwa, ukubwa tunauogopa sisi. Mimi nimeshatengeneza na wanangu wa dada watatu na ilikufa vilevile, na najua siku iliyokufa. Usiku wamelala nikafungua ramani nikaona miti wameipanda ovyo ovyo, mingine katikati ya njia, nikainyoosha, nikaweka na maua. Asubuhi mkubwa wao akatazama kimya, akasema "hii sasa ya shangazi". Hakugusa tena. Mwanangu BabaNuru, hebu sema kweli, kipanya anashika nani hapo kwenu?

BabaNuru_Moro
Dah shangazi umenigusa. Ramani sijagusa ila mapigano nilikuwa natengeneza mimi usiku, kwa sababu ilifika mahali fisi wa kwanza hafi. Unampiga na mwiko anatoka sifuri, unampiga tena sifuri. Mdogo alilia. Nikaona nirekebishe kimyakimya.

kiraka_cha_pikseli
Hapo kwenye sifuri ngoja nikusaidie maana ni hesabu tu na binti wa miaka 11 anaielewa vizuri kabisa. Kwenye MV pigo la kawaida linahesabiwa hivi: shambulio la anayepiga mara 4, toa ulinzi wa anayepigwa mara 2. Sasa kama msichana ana shambulio 16 na fisi mmempa ulinzi 32, ni 64 toa 64, sifuri, hata mpige mpaka kesho. Mshushieni fisi ulinzi mpaka 20, inakuwa 64 toa 40, zinatoka 24. Inachezacheza kidogo juu na chini kwa sababu programu inaongeza bahati, ila ni hapo hapo. Mimi ningemwachia binti karatasi na kalamu apange adui wote mwenyewe. Ndo hesabu pekee ambayo mpwa wangu aliwahi kuifanya bila kuambiwa.

BabaNuru_Moro
Asante sana kiraka, ilikuwa hivo hivo, fisi alikuwa na ulinzi 40 kwa sababu "ana ngozi ngumu". Ila kuna kesi nyingine, huyu wa miaka 8 katengeneza chapati inayorudisha uhai 9999. Dada yake anasema inaharibu gemu, hakuna atakayekufa. Yeye anasema ndo maana kaitengeneza, asife mtu.

dogo_wa_tandika
huyo wa miaka 8 aachwe!! chapati ibaki 😂 iwekeni duka la mbali au iuzwe vifuniko 500

mama_watatu
Naungana na dogo. Kwangu walibishana hivyo hivyo tukaamua ipatikane moja tu gemu nzima, na ukishaila basi. Kila anayecheza anaiweka mpaka mwisho halafu haili. Nimewaona watu wazima wamekufa kwa zimwi na chapati mfukoni.

Ila jibu langu kwa swali la mwanzo ni tofauti na la Fundi na la shangazi. Mimi naona ni kompyuta. Watoto watatu, kipanya kimoja, wawili wanatazama. Anayetazama siku ya tatu anaenda kucheza nje, na ana haki. Kwangu kilichosaidia ni daftari la hesabu lenye viboksi. Kila mtoto ana daftari lake na penseli za rangi, anachora mhusika ndani ya viboksi 16 kwa 16, kiboksi kimoja pikseli moja, yaani nukta moja ya picha. Jumamosi ndo tunahamishia kwenye kompyuta, mmoja anasoma kwa sauti "nyeusi nyeusi kahawia kahawia tupu" mwingine anabofya. Kumbe kazi ya katikati ya wiki haihitaji umeme wala laptopu.

kiraka_cha_pikseli
Mama watatu wazo zuri sana ila kwa BabaNuru viboksi 16 vitakuwa vidogo, MV inatumia 48 kwa 48 kwa kigae kimoja, yaani kipande kimoja cha ramani. 16 ilikuwa ile ya zamani RPG Maker 2000. Aidha achore 16 halafu akuze mara tatu, inatoka 48 kamili na inapendeza vile inavyoonekana ya kizamani.

FundiRedio
Halafu MV kwenye laptopu ya mtumba ni mzigo, ndani yake inaendesha kitu kama brauza nzima. Kama RAM ni GB 2 gemu inakwama kwama na mtoto anachoka kusubiri. Labda ndo sababu yenyewe. Kuna kitu kinaitwa OHRRPGCE, nacho cha kutengenezea RPG, cha bure kabisa, alikianzisha jamaa anaitwa James Paige. Ni ya DOS lakini nyepesi ajabu.

kiraka_cha_pikseli
Ilianzia DOS miaka ya 90 ni kweli, ila siku nyingi inakimbia Windows, Linux na Mac. Kioo chake ni 320 kwa 200, rangi 256, vigae 20 kwa 20. Na kizuri kingine kuchora kumo humo humo ndani, huhitaji programu ya pembeni. Kwa laptopu chovu naikubali. Sura yake tu ndo inawachanganya watu, menyu zote za kibodi.

Kamaa_254
Sasa wadau, niko Nakuru, nimesoma yote. Mbona hakuna mtu ametaja Scratch, ile programu ya kufunza watoto kodi? Watoto wengi wanaifunzwa shule siku hizi, ni ya bure, ilitoka MIT 2007, na ukienda kwa lugha unapata Kiswahili. Mtoto akiona vitufe kwa lugha yake anaingia haraka. Unaweza kuidownload ufanye bila bando.

dogo_wa_tandika
scratch haiwezi RPG bro, ile ya paka anatembea

Kamaa_254
Inaweza, nimefanya na class ya watoto 12 hapa kwa estate. Shida si kutembea, shida ni mbili. Moja, ramani kubwa unaijenga na nakala za kigae na zikifika 300 inakataa kuongeza, so lazima ujipange uchore zile zinaonekana kwa kioo pekee. Mbili, kusave. Mchezaji akifunga, imeenda. Sisi tulitumia namba ya siri kama gemu za kitambo: ukifika levo ya 3 gemu inakupa namba, unaandika kwa daftari, kesho unaiingiza unaendelea pale pale. Watoto walipenda hiyo kuliko gemu yenyewe, wakaanza kuuziana namba 😄

Na mimi sababu yangu BabaNuru: hawana mchezaji. Mtoto hatengenezi zimwi la kupigwa na hewa. Hawa wangu 12 walimaliza kwa sababu Jumamosi ya mwisho wazazi walikuwa wanakuja kucheza. Weka tarehe, ita majirani.

MwanaAmu
Salaam jamani. Nimefurahi kuona uzi huu. Sisi huku Lamu tulianza na kisa cha Fumo Liyongo, mimi na wanangu na rafiki zao wawili. Kile kisa ni gemu tayari. Liyongo kafungwa gerezani, walinzi wanakula kila chakula kizuri anachopelekewa, mamake anamtuma mjakazi wao Saada na mkate wa wishwa ambao mlinzi hautaki, na ndani ya mkate kuna tupa. Halafu nje linachezwa gungu kwa kelele, yeye anakata minyororo huku watu wanaimba. Tukafanya hivyo hivyo: ukipeleka mkate wa ngano walinzi wanaula na tupa wanaiona, gemu inakwisha. Lazima mchezaji afikirie mwenyewe aombe wishwa jikoni. Na kukata mnyororo unabonyeza kitufe ngoma ikilia tu, ikinyamaza ukabonyeza mlinzi anaamka.

Tukakwama mwisho. Liyongo anauawa na mwanawe kwa sindano ya shaba kitovuni. Watoto wakagoma. Mdogo akasema mimi nimecheza saa nzima nikiwa Liyongo halafu nifie usingizini? Mpaka leo hatujamaliza, mwaka wa pili.

ShangaziZnz
Mie niliyosikia kwa bibi ni mpwa wake aliyemuua, si mwanawe.

MwanaAmu
Huku kwetu na kwenye utendi ni mwanawe, kaahidiwa kuozwa mke. Ya mpwa nimeisikia pia kwa watu wengine. Watoto wangu wakaona hapo ndipo pa kupenyea, kama wazee wenyewe wanatofautiana basi na wao waweke mwisho wao 🙂

FundiRedio
Mwisho uliowashinda nyie ni mzuri kuliko gemu nyingi zilizoisha. Ningekuwa mimi namfanya mchezaji achukue nafasi ya mtoto, sindano iko mkononi mwako, uamue.

MwanaAmu
Subhanallah. Nawapelekea leo hii.

Mmatengo_Oslo
Habari zenu, mimi niko Norway na wanangu wamezaliwa huku. Nilianza gemu kwa sababu moja tu, wasome Kiswahili. Kuongea wanaongea na mama yao ila kusoma wanakimbia. Kwenye gemu hakuna ujanja, usipomwelewa muuza samaki hupati ufunguo. Imesaidia kuliko vitabu vyote nilivyobeba kutoka Songea.

Sasa nina tatizo ambalo labda mmeshakutana nalo. Kile kiboksi cha maneno kwenye MV kina mistari minne na hakikunji sentensi chenyewe, ukizidisha maneno yanapotelea pembeni. Kiingereza kinaenea, Kiswahili "walipokuwa wakimfukuzia" tayari nusu mstari. Halafu kuna ujumbe wa mapigano, ule wa fulani kapata madhara kiasi fulani. Nimeutafsiri "%1 ameumia %2", %1 ni jina na %2 ni namba. Fisi ameumia 12, sawa. Zimwi ameumia 12?? Binti yangu mwenyewe aliyezaliwa Oslo akaniambia baba hiyo siyo.

BabaNuru_Moro
Hahaa hii kesi iko kwangu pia! Binti anasema Zimwi limeumia, mtoto wa jirani anasema ameumia kwa sababu linaongea.

ShangaziZnz
Zimwi limeumia. Zimwi li. "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Mbona methali iko wazi?

Kamaa_254
Huku tungesema zimwi ameumia na hakuna mtu angeshtuka 😅 ina uhai, ina a-.

mama_watatu
Kama ni mnyama wa kawaida sawa Kamaa, hata kifaru ameumia si kimeumia. Lakini zimwi ukishalipa "a" limekuwa mtu wa kawaida, ukubwa wake wote umekwisha. Na Mti Mkali je? Kwetu kuna adui mti. Mti umeumia. Jiwe limeumia. Kisu kimeumia. Ujumbe mmoja hauwezi kuwabeba wote.

kiraka_cha_pikseli
Ndo maana mimi nimeikimbia. Andika "Pigo kwa %1: %2!" Pigo kwa Fisi: 12! Pigo kwa Zimwi: 30! Pigo kwa Mti Mkali: 5! Hakuna kitenzi cha kukubaliana na mtu. Yote hayo yanabadilishwa kwenye ukurasa wa istilahi kwenye hifadhidata, hakuna kuandika kodi. Ya sentensi ndefu, gongeni enta wenyewe mkiona mstari unakaribia kujaa, hakuna dawa nyingine rahisi.

Mmatengo_Oslo
Pigo kwa! Asante kaka, imekaa vizuri mno. Na HP, ile namba inayopungua ukipigwa, mmeiitaje?

BabaNuru_Moro
Uhai.

mama_watatu
Sisi Pumzi. Ikiisha hujafa, umechoka, unarudishwa nyumbani kwa bibi. Sikutaka wafe kabisa.

MwanaAmu
Roho. Roho 30, imebaki roho 4.

dogo_wa_tandika
damu. mnaogopa nini

Kamaa_254
Sisi tuliwacha HP tu, watoto wanaijua hivyo kutoka gemu zingine.

ShangaziZnz
Roho si kitu cha kuhesabu 30 bwana MwanaAmu, mtu ana roho moja.

MwanaAmu
Paka ana saba shangazi 😄

dogo_wa_tandika
jamani mi nina swali serious, sina kompyuta. nina simu tu. mi na washkaji wawili tuna stori kali ya daladala ya usiku, konda ni mganga. tunatumia nini

kiraka_cha_pikseli
Godot ina toleo la Android la kuandikia gemu humo humo kwenye simu, ya bure. Ila kwenye kioo cha simu utaumia macho, ni kodi ya kuandika hiyo, ukipata kibodi ya waya na kile kichomeko cha OTG cha kuiunganisha na simu afadhali. GDevelop nayo ipo kwa simu na hiyo huandiki kodi, unapanga matukio: kama hiki basi kile. Ningeanza na GDevelop. Stori yenu ni nzuri usiiache.

dogo_wa_tandika
nashukuru mkuu. na sauti tunarekodi kwa simu, "haya Buguruni hiyo Buguruni" konda anaita, hiyo tayari tunayo

BabaNuru_Moro
Kwenye sauti na sisi tulikwama, mdogo alilia kama mbuzi kwenye simu, safi kabisa, gemu haikusoma.

kiraka_cha_pikseli
MV inataka faili la sauti la aina ya ogg. Ifungue kwa Audacity, programu ya kuhariri sauti, itoe kama ogg, iweke kwenye folda ya se ndani ya audio. Na mtunze faili jamani. Nakili folda nzima kila Jumapili, iite kwa tarehe. Mimi nilipoteza ya miezi mitano, nilikwenda kuprinti kitu na fleshi hiyo hiyo, niliporudi mafolda yote yamegeuka shotikati.

FundiRedio
Mafaili huwa yamo humo humo yamefichwa tu. Virusi vya shotikati havifuti, vinaficha. Onyesha faili zilizofichwa utayaona.

kiraka_cha_pikseli
Nimejua hilo baada ya kuformati Fundi.

mama_watatu
Pole sana kiraka. Na mtu mwingine aangalie muziki. Wangu waliweka wimbo wa bongo fleva kwenye pambano la mwisho. Nyumbani sawa ila mkiiweka mtandaoni mwenye wimbo ana haki ya kuwauliza. Tukagonga masufuria tukarekodi.

Kamaa_254
Watu wakisema haiwezekani na watu wachache nawatajia gemu ya Undertale, 2015, Toby Fox peke yake, muziki na yote.

FundiRedio
Si peke yake kaka, michoro mingi alisaidiwa na Temmie Chang. Ila ndiyo, watu wanahesabika kwa vidole. Na kama tunataka ya Kiafrika, Aurion ya Kiro'o Games kutoka Kamerun, 2016, ni RPG ya mapigano kabisa na hadithi yake ni ya huku huku kwetu Afrika. Watoto waioneshwe wajue kuna watu Yaoundé wameitoa.

BabaNuru_Moro
Wakuu narudi. Nimefanya kama shangazi alivyosema, jana sikukaa kwenye kiti. Nilikaa nyuma na chai. Nikamuuliza binti mbona hawatengenezi zimwi. Nilitegemea aseme ni kubwa, au kompyuta nzito, au vile nilivyogusa mapigano. Akasema "tukiliweka msichana atampata mbuzi". Nikamuuliza si ndiyo vizuri? Akasema akishampata mbuzi atarudi nyumbani, na wale watu wa mjini hakuna atakayeongea nao tena.

Sikuwa na jibu. Watu 40 wote kawapa majina yeye.

ShangaziZnz
Mungu amhifadhi huyo mtoto.

FundiRedio
Bado nasema ungeanza kidogo 😀 lakini hapo nimenyamaza.

Kamaa_254
Hiyo ndiyo nasema mimi, hawana wachezaji! Ita majirani wacheze hivyo hivyo bila zimwi. Wale watu 40 waongelewe.

mama_watatu
Au mbuzi asirudi nao. Abaki na zimwi huko juu, amelizoea.

BabaNuru_Moro
Nimemsomea hii ya mama watatu, amechukua daftari anachora mbuzi amekaa mgongoni kwa zimwi. Mdogo anataka zimwi lipewe ile chapati. Na binti ana swali kwa MwanaAmu, anauliza Saada kwenye gemu yenu mnaweza kuongea naye, au anapeleka mkate tu?

MwanaAmu
Anapeleka tu. Hatukumpa neno hata moja. Mwambie kesho nitakaa na wanangu tumpe.